Nyoka akicheua mlo, usianze na dawa ya minyoo

Mlo uliocheuliwa siku ya nne una sura yake: manyoya ya panya yamelegea, tumbo limepasuka, nyama imeanza kuyeyuka na harufu yake haivumiliki. Wafugaji wengi wakiona hivyo huikimbilia dawa ya minyoo. Ushauri wetu ni kwamba dawa isubiri kwanza. Nyoka hucheua kwa sababu nyingi, na minyoo ni mojawapo tu. Tena zipo dawa za vimelea zilizowahi kuua nyoka ambao hawakuwa na mnyoo hata mmoja.

Anza na joto la kizimba. Nyoka hana joto lake mwenyewe, na mlo usipopata joto huoza tumboni kabla haujasagwa. Kwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira, upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa baridi nyuzi 25 hadi 27. Pima kwa kipimajoto kilicholazwa sakafuni anapolala nyoka, kwa sababu kile kilichobandikwa ukutani hupima hewa tu. Jiulize pia kama panya alikuwa mkubwa kupita kiasi, au kama nyoka alishikwashikwa kabla ya saa 48 kupita tangu ale. Ikiwa yote hayo yako sawa, au akicheua mara ya pili, hapo vimelea vishukiwe. Baada ya kucheua mpumzishe siku 10 hadi 14, kisha mpe mlo wa nusu ya ule wa kawaida. Ukimlisha mapema, asidi na vimeng'enya vya tumbo havijarudi, naye atacheua tena.

Kitakachokuambia ukweli ni kinyesi. Chukua sehemu ya kahawia, kiasi cha kijiko cha chai. Ile nyeupe kama chokaa ni mkojo uliokauka, haina mayai ya minyoo. Weka kwenye kikopo chenye kifuniko kisichovuja, andika tarehe, tia kwenye friji penye nyuzi 4 hivi, na ufikishe maabara ndani ya saa 24. Usiweke kwenye friza, kwani mayai yakiganda hupasuka na hayatambuliki tena. Kinachotafutwa kikiwa ni protozoa (vimelea vya chembe moja) wanaoogelea, hata friji haifai: kinyesi kiwekwe tone la maji ya chumvi ya 0.9% na kitazamwe kwenye hadubini kingali kibichi, kwa sababu wakishakufa huwezi kuwatofautisha na takataka nyingine. Nyoka anayekaa wiki kadhaa bila kunya, daktari anaweza kumsafisha utumbo wa nyuma kwa maji hayohayo ya chumvi, mililita 10 kwa kila kilo ya uzito, na kuyapima yanayorudi.

Kipimo kimoja kisicho na kitu hakimaanishi nyoka ni safi. Vimelea vingi hutoa mayai kwa vipindi, ndiyo maana vipimo vitatu vya siku tofauti vinahitajika kabla ya kusema hana.

Kuna kosa jingine linalotokea hata maabara. Nyoka anayekula panya hupitisha vimelea vya panya. Mayai ya Syphacia, mnyoo wa panya, yamebonyea upande mmoja kama ndizi fupi, na hutoka kwenye kinyesi cha nyoka bila kumdhuru. Ndivyo ilivyo kwa utitiri wa manyoya ya panya na mayai yake. Asiyezoea nyoka huandika "minyoo imeonekana" na dawa inatolewa bure. Muulize mpimaji jina la mnyoo alioukuta, na kama ni wa nyoka au wa mlo wake.

Minyoo ya nyoka mwenyewe ya kuhofiwa zaidi ni ile isiyohitaji mnyama wa kati, kwa kuwa huzidi kuongezeka ndani ya kizimba. Kalicephalus, jamaa wa safura, hujishikiza kwenye utando wa tumbo na utumbo na kuacha vidonda. Rhabdias hukaa mapafuni: mayai hupanda na makohozi, humezwa, hutoka na kinyesi, na lava (minyoo michanga) hurudi kwa nyoka yuleyule kupitia mdomo au ngozi. Nyoka mwenye Rhabdias hupumua mdomo wazi na hutoa ute, akadhaniwa ana mafua ya kawaida. Mayai yake yanafanana mno na ya Strongyloides wa utumbo, hivyo daktari huchukua pia ute wa koo kuhakikisha. Matandiko yenye unyevu yaliyokaa na kinyesi siku tatu ni kitalu cha lava hizi. Kinyesi kikitolewa siku hiyohiyo, mzunguko unakatika nusu bila dawa.

Tegu na minyoo mikubwa ya jamii ya Ascaris ni tofauti, maana hupitia mnyama mwingine: chura, mjusi, panya wa porini. Kwa hiyo huonekana zaidi kwa nyoka waliokamatwa mwituni, na nyoka anayelishwa panya wa kufugwa waliogandishwa ni nadra kuipata. Uvimbe laini unaoteleza chini ya ngozi unaweza kuwa lava wa tegu, na huondolewa kwa upasuaji mdogo. Usiukamue.

Kuliko minyoo yote, protozoa wawili wanastahili hofu zaidi. Wa kwanza ni Entamoeba invadens. Kobe humbeba bila dalili yoyote, lakini kwa nyoka huozesha utumbo mpana na ini, na dalili huwa kinyesi cha kamasi chenye damu. Anaweza kufa siku chache baada ya dalili kuonekana. Nyoka na kobe wasichangie kizimba, bakuli la maji wala koleo. Hapa kuna dawa, metronidazo, lakini ikizidi hushambulia neva na nyoka hupoteza mwelekeo, akalala chali asijigeuze.

Wa pili ni Cryptosporidium serpentis, na huyu hana dawa inayomwondoa kabisa. Huingia kwenye utando wa tumbo na kuufanya unenepe hadi nafasi ya chakula inapungua. Nyoka hucheua siku chache baada ya kila mlo, anakonda uti wa mgongo ukichomoza, na katikati ya mwili panaonekana uvimbe mgumu kana kwamba amemeza kitu juzi. Kimelea ni kidogo mno kuonekana kwa kipimo cha kawaida. Hutakiwa kupaka rangi maalumu au kufanya kipimo cha PCR (kinachotafuta vinasaba vya kimelea), na PCR iwe ile inayotaja spishi, kwa kuwa kriptosporidiamu ya panya nayo hupita kwenye kinyesi cha nyoka. Klorini haimwui. Kinachomwua ni mvuke, maji yanayokaribia kuchemka na ukavu wa muda mrefu, au amonia iliyoachwa kwa saa nyingi. Klorini na amonia zisikutanishwe kamwe, hata kwenye ndoo iliyosuuzwa vibaya, kwani mchanganyiko wake hutoa gesi inayounguza mapafu ya mtu. Mbao na matawi ya kizimba hicho yachomwe. Kumtenga au kumuua bila maumivu nyoka huyo ni uamuzi mgumu, lakini kumuuza au kumgawa si chaguo.

Dawa ikishathibitika kuwa inahitajika, kosa linaloua ni la hesabu. Chukua fenbendazo, inayotolewa kwa minyoo ya mviringo. Daktari akiandika miligramu 25 kwa kilo, nyoka wa kilo 1.2 atahitaji miligramu 30. Dawa ya maji ya 10% ina miligramu 100 kwa kila mililita, hivyo atapata mililita 0.3. Nukta ikipotea inakuwa mililita 3, yaani mara kumi, na fenbendazo ikizidi huharibu uboho na utando wa utumbo. Pima uzito siku ileile kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Usikadirie kwa macho. Nyoka aliyekauka maji apewe maji kwanza. Tegu hawaitiki fenbendazo vizuri, wao wana prazikwanteli. Ivamektini ni ya tahadhari kubwa: isitolewe bila daktari, na kama kuna kobe nyumbani isimkaribie, kwa kuwa kwake ni sumu ya kuua.

Dozi hurudiwa baada ya siku 14 kwa sababu ya kwanza haifikii mayai wala lava wote. Siku ya kila dozi kizimba kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya dawa ya kuua vijidudu, maana uchafu huimaliza nguvu dawa hiyo. Matandiko yabadilishwe kuwa karatasi nyeupe hadi kipimo cha kinyesi, wiki mbili hadi nne baada ya dozi ya mwisho, kiwe safi.

Nyoka mgeni akae karantini siku 90, chumba kingine, na koleo na bakuli zake. Ahudumiwe wa mwisho, baada ya wenyeji, na mikono inawe kwa sabuni. Vifaa visioshwe kwenye sinki la jikoni. Pamoja na salmonela, chatu na baadhi ya vipiri wa Afrika hubeba Armillifer, kimelea wa mapafu ambaye mayai yake yakimezwa na mtu huanguliwa na lava kuota kwenye ini na viungo vingine.

Nyoka akifa bila sababu kujulikana na wengine wamebaki chumbani, mzoga usigandishwe, kwa sababu barafu hupasua seli na kidonda hakisomeki tena. Ufungwe mifuko miwili, uwekwe kwenye friji, mbali na chakula, na ufikishwe kwa mchunguzi ndani ya saa 24.