Nyenzo Laini: Umeivuta kwa Muda Gani?

"Injinia, hizo nyenzo laini ni nini hasa? Ni magodoro?" Kijana anayemaliza uhandisi wa mitambo aliniuliza hivyo tukingoja matatu Kondele, Kisumu, nilipomtajia kwamba uzamili wangu ulikuwa wa nyenzo laini. Alistahili jibu refu kuliko nililompa pale stejini.

Godoro limo. Limo pia tairi la bodaboda, rangi ya ukuta, unga wa chapati uliokandwa na maziwa mala. Umbo la vitu hivi hushikiliwa na nguvu ndogo mno, karibu sawa na mtikisiko ambao joto la kawaida huzipa molekuli. Ndiyo maana kidole tu huvibonyeza.

Chukua mala. Katika maziwa mabichi, kaseini, protini kuu ya maziwa, huelea kama vijichembe vinavyosukumana kwa chaji ya umeme. Bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, pH (kipimo cha uasidi) ikishuka karibu na 4.6 chaji hupotea, na vijichembe hushikana kuwa wavu unaonasa maji yote. Protini haifiki hata asilimia 4 ya maziwa, lakini inatosha kuyagandisha. Inamisha kibuyu taratibu, mala yametulia. Kitikise, wavu unakatika, yanamiminika. Kwangu huu ni uhandisi kamili, na nyanya zetu waliufahamu kwa mikono.

Mpira ni hivyo hivyo. Pierre-Gilles de Gennes, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1991, alipenda kukumbusha kwamba salfa ikiungana na takriban atomi moja tu ya kaboni katika kila 200, utomvu unaotiririka hugeuka mpira unaorudi ukivutwa.

Shahada ya kwanza ilinifundisha chuma: ukikivuta kidogo kinarefuka, ukikiachilia kinarudi, na nambari moja yaeleza ukakamavu wake. Kwenye uzamili swali liligeuka: umeivuta kwa muda gani? Donge la unga wa chapati ukilinyofoa ghafla hukatika. Ukilivuta polepole hurefuka. Ukiliacha kwenye kibao hutandaa lenyewe. Kitu kimoja, tabia tatu. Riometa, mashine ya maabara, hupima hayo kwa kusokota sampuli huku na huku, polepole kisha haraka, na kutenganisha nishati inayohifadhiwa na ile inayopotea.

Kozi iliyonitoa jasho ni thamodinamiki ya takwimu, yaani hesabu ya jinsi mitikisiko ya molekuli nyingi inavyozaa tabia ya kitu kizima. Anayetaka njia hii asiikwepe, hata ikibidi arudie hesabu za uwezekano kuanzia mwanzo. Bila hiyo utakariri fomyula za polima, zile molekuli ndefu kama minyororo, usijue zimetoka wapi.

Kijana aliuliza pia kama kazi ipo huku kwetu. Nilimwelekeza upande wa Muhoroni, kwenye sukari. Molasi baridi huvutika kama gundi, ikipashwa moto mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, hushuka sana. Anayechagua pampu bila kupima mnato katika joto ambalo molasi itapita nalo, atachoma mota. Matatu ikafika, aliingia akiuliza riometa huuzwa pesa ngapi.