Kabla ya Ngome, Kulikuwa na Mwana Mkisi

Ukipita Mji wa Kale utasikia watu wakisema, kwa yakini kabisa, kwamba Mombasa ilijengwa na Wareno au Waarabu. Sivyo. Ngome ya Yesu, ile ya Wareno, ilianza kujengwa mwaka 1593. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alikuwa ameshapita hapa mwaka 1331, akakuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na penye kila mlango kisima kifupi na kata ya mti yenye mpini mwembamba. Watu walitembea pekupeku, wakanawa miguu kabla ya kuingia.

Simulizi za wazee wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, zinaanza mbali zaidi, na zinaanza na mwanamke: Mwana Mkisi, malkia wa mji ulioitwa Gongwa, au Kongowea. Ukoo wa Shehe Mvita ulimfuatia. Leo Mvita ni jimbo la uchaguzi, na Kongowea tunaijua kwa soko lake, ng'ambo ya daraja la Nyali.

Ni simulizi, naam, si hati. Lakini wenye mji wenyewe walimtaja mwanamke kwanza, nami naona uchungu kila anaporukwa darasani.