Je, wajua kwa nini fedha taslimu humwinua aliyekumbwa na mafuriko kuliko gunia la unga?

Mvua za Aprili zikikolea, maji ya milima ya Rungwe hushuka na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na Songwe nao huja umefura kutoka upande wake, yote yakimwagikia bonde la Kyela, mkoani Mbeya, kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Ubaya ni kwamba wakati huohuo mpunga unakaribia kuvunwa. Suke lililokomaa likilala majini siku kadhaa, punje huanza kuota zikiwa humohumo kwenye suke. Mpunga huo ukipelekwa mashineni hutoka chenga tupu, mweusimweusi, na mnunuzi anautazama mara moja tu anataja bei ya kumtia mtu uchungu.

Hasara ya pili ndiyo inayomaliza kaya, nayo haiji na maji. Mwenye shamba ana watoto wanaotaka kula leo, kwa hiyo anauza kinachouzika: ng'ombe, baiskeli, bati alizookoa, au kakao ikiwa bado mtini, kwa mnunuzi anayelipa sasa na kuchukua mzigo baadaye kwa bei anayoitaka yeye. Na kwa kuwa jirani zake nao wanauza wiki hiyohiyo, ng'ombe anaondoka kwa nusu ya thamani yake. Kumrudisha zizini kunaweza kuchukua miaka. Fedha za msaada zikifika kabla ya mauzo hayo huzuia hasara hii ya pili. Zikifika miezi mitatu baadaye, ng'ombe keshakwenda.

Gunia la unga linalisha, hakuna ubishi. Ila halilipi vibarua wa kuokoa mpunga uliobaki, halinunui turubai la kuuanikia, halilipi nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Ndiyo maana utaona unga wa msaada ukiuzwa sokoni kwa bei ya kutupa: mtu anautafutia sabuni na dawa. Hapo msaada umegharimiwa magari, maghala na wapakuaji, halafu aliyepewa anapata sehemu tu ya thamani yake.

Kiasi cha fedha kinapangwaje? Huanzia chunguni. Mgao wa kawaida wa dharura ni gramu 400 hivi za nafaka kwa mtu kwa siku, kunde au maharage gramu 60, mafuta gramu 25. Kwa kaya ya watu 5, mwezi mmoja, hiyo ni nafaka kilo 60, maharage kilo 9 na mafuta karibu kilo 4. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani ndoo 4 kasoro kidogo za lita 20 kila siku kwa kaya hiyo. Kisha unaongeza sabuni, dawa ya kutibu maji, nauli na ada ya kutolea fedha kwa wakala. Kosa la kawaida ni kutumia bei za Mbeya mjini, au za kabla ya mafuriko. Bei inayohesabika ni ya soko ambalo mama wa kaya hiyo atalifikia kwa miguu wiki hii, tuseme Ipinda, hukohuko Kyela.

Nyumba ina kalenda yake. Ukuta wa tofali mbichi hulowa chini, ukakatika na kuanguka, wakati mwingine maji yakiwa yameshaondoka. Fedha za ujenzi zikitolewa Aprili zitaliwa zote, na si kwa uzembe: kwenye mvua hufyatui tofali zikakauka, wala hujengi tanuru. Awamu ya kwanza basi iwe ya chakula na kuokoa mazao, ndani ya siku chache. Ya pili, kubwa zaidi na kwa mkupuo, ije kiangazi kinapoanza, kwa ajili ya tofali za kuchoma, saruji ya msingi na misumari ya bati. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulionyesha mwelekeo huohuo: waliopewa kidogokidogo kila mwezi walikula vizuri zaidi, waliopewa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Shamba nalo lisisubiri msimu mpya. Maji yakipungua, unyevu unaobaki ardhini unatosha marando ya viazi vitamu, kunde na mboga.

Je, fedha hazitaishia kilabuni? Wachambuzi wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 mwaka 2014 na hawakukuta kwamba fedha za msaada huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Bei je? Kaunti ya Siaya, Kenya, kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, na bei zilipanda kwa chini ya asilimia 1. Lakini tusijidanganye: huko barabara zilikuwa wazi. Daraja likikatika na lori la mchele lisifike, fedha zitagombania magunia machache yaliyomo dukani na bei itaruka. Hapo peleka chakula kwanza, fedha zifuate njia ikifunguka.

Mengine huharibikia kwenye orodha ya wanaolipwa na kwenye simu zinazopokea fedha. Orodha ikihesabu nyumba zilizoanguka, anayelipwa ni mwenye nyumba, na mpangaji aliyepoteza godoro, sufuria na mtaji wa genge anaachwa. Mume mwenye wake wawili anaandikwa kaya moja wakati vyungu ni viwili. Dawa yake ni kusoma majina hadharani kwenye mkutano wa kijiji na kuyabandika ofisi ya mtendaji kabla ya malipo, watu wapinge mapema.

Simu ikisombwa na maji, laini nayo imekwenda, na kuirudisha kunahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na alama za vidole. Laini yenye jina la mtoto au shemeji hukwama kwa kuwa jina halilingani na la orodha. Aliyekopa kwa simu anaweza kukuta deni limekatwa palepale fedha zinapoingia, kwa hiyo watu waulizwe mapema, na ikibidi walipwe kwa njia nyingine. Wakala naye hana bahari ya noti: watu 200 wakilipwa asubuhi moja kwenye kijiji chenye mawakala wawili, saa nne fedha zimekwisha, na wengine wanaanza kutozwa "cha juu" ili watolewe. Malipo yagawanywe kwa vitongoji, siku tofauti, na mawakala waarifiwe siku mbili kabla wajiandae.

Na siku hiyohiyo zitaanza kuingia zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Anayelipa kweli ana namba yako tayari, na hahitaji namba yako ya siri hata kidogo.