Je, wajua kwa nini taa nyekundu hukaa muda mrefu hivyo?

Kwa miaka mingi nilikuwa na dawa yangu ya foleni, nikiigawa bure kwa yeyote aliyekaa karibu nami kwenye daladala. Kwenye mataa ya karibu na kwetu, Dar es Salaam, nyekundu ilikaa hadi madereva wakazima injini na muuza karanga akaimaliza safu nzima. Nikasema: kila upande upewe sekunde 10 tu, zamu izunguke haraka, asubiri nani? Niliiona haki tupu. Kumbe foleni ingerefuka.

Chukua bomba moja la mtaa lenye familia nne. Kila zamu ikibadilika, bomba linafungwa, mpira wa huyu unachomolewa, wa yule unachomekwa, maji yanakohoa kidogo ndipo yanatiririka. Muda huo hakuna anayeteka. Mkibadilishana kila ndoo, nusu ya asubuhi inaishia kwenye kuchomoa na kuchomeka.

Mataa yana kikohozi chake. Kijani ikiwaka, dereva wa mbele anaweka gia (au anaweka simu chini), wa pili anamsubiri wa kwanza. Zamu ikiisha kuna njano, kisha nukta ya nyekundu pande zote ili makutano yawe matupu. Tuseme sekunde 4 zinapotea kila zamu. Kwa pande nne ni 16. Magari yakishachanganya, moja hupita kila baada ya sekunde 2 hivi kwa kila njia.

Sasa ipime dawa yangu, kila upande ukiwa na njia moja. Mzunguko ni sekunde 40, zinabaki 24 za kazi: magari 12, yaani 1,080 kwa saa kwa pande zote. Mzunguko wa sekunde 120 unapitisha 1,560. Magari 480 yalikuwa yakizuiwa na haki yangu.

Basi turefushe zaidi? Hapo nilikosea mara ya pili. Sekunde 240 zinatoa 1,680: subira imezidishwa mara mbili kwa faida ya magari 120. Tena hesabu hiyo inadhani foleni haikatiki. Familia ikishajaza ndoo zake zote na bomba bado liko wazi, maji yanamwagika. Ndiyo kijani inayowakia barabara tupu huku ninyi mmejipanga upande wa pili.

Mwaka 1958, Mwingereza F. V. Webster alitoa kanuni ya kutafuta urefu unaofaa. Kwa mataa yetu ya mfano, unagawanya 29 (namba inayotokana na zile sekunde 16 zinazopotea) kwa sehemu ya uwezo wa makutano ambayo bado haijatumika. Magari yakichukua asilimia 70, jibu ni kama sekunde 97. Yakichukua 90, ni 290, karibu dakika tano. Yakifika 100 unagawanya kwa sifuri, na kanuni inakuamuru usubiri milele. Nakiri naipenda kwa hilo. Lakini ilitungwa kwa makutano ambayo hayajajaa, na haina habari ya daladala inayoshusha abiria hatua chache kabla ya taa, wala bodaboda zinazojipenyeza hadi mstari wa mbele.

Ndiyo maana trafiki akizipuuza taa na kuuachia upande mmoja dakika kadhaa, si lazima awe anakosea: anaokoa vikohozi. Ila faida hiyo huisha mapema, kama tulivyoona, na kuna jambo ambalo yeye na taa wote hawaliwezi. Kama barabara ya mbele imejaa, pipa limefurika. Kijani inakuwa rangi tu. Atakayeingia katikati atakwama hapo na kuwafungia wengine.

Ubungo, Barabara ya Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma, foleni ya mataa ilikuwa maarufu nchini kote. Mwaka 2021 ilizinduliwa Kijazi, barabara za ngazi tatu, moja juu ya nyingine. Hapo hawakuishia kugawana dakika za bomba moja. Waliongeza mabomba.