Injini inapumua: maneno ya gereji na ukweli wa presha ya kwenye kranki

"Injini ikipumua, imekufa."

Mnunuzi anafika yadi, anaomba gari liwashwe, anafungua kifuniko cha oili, anaona kamvuke kanatoka, basi: hela inarudi mfukoni.

Hakuna injini isiyopumua. Ringi za pistoni hazizibi kabisa, na kila mlipuko unapenyeza gesi kidogo kwenda chini kwenye kranki, yaani chumba cha chini ambamo kranki yenyewe huzunguka. Piga hesabu. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika humeza karibu lita 6,000 za hewa. Tuseme asilimia 1 tu imepita kwenye ringi: hizo ni lita 60, ndoo tatu kubwa kila dakika. Turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa ya ziada, ikisukuma bar 1 juu ya presha ya kawaida ya hewa, ndoo zinakuwa sita, na zote zinatafuta mlango.

Ukitaka kupima bila kumsingizia mtu, chukua glovu ya mpira, ivishe mdomo wa kujazia oili injini ikiwa ya moto, usikanyage mafuta. Ikilala au ikanyonywa ndani, sawa. Ikisimama vidole vitano kama inakupungia mkono, kagua kwanza mipira ya kupumulia, ile inayotoa gesi hizo kwenye kranki, kisha pima kompresheni, ndipo useme ringi zimechoka.

"Sili inavuja, badilisha sili."

Hii imenila hela. Gari langu la turbo lilikuwa linadondosha oili pale injini inapokutana na gia boksi. Gia boksi ikashushwa, sili mpya ya nyuma ikawekwa. Baada ya miezi miwili doa likarudi palepale sakafuni. Ikashushwa tena, sili nyingine, fundi yuleyule, lawama kwa sili "feki".

Mara ya tatu nilimpata mzee mmoja asiye na haraka. Hakuigusa gia boksi. Alichomoa valvu ya PCV, kitu kidogo kama kidole gumba kinachoruhusu injini ivute gesi za kranki na kuzichoma tena, akaitikisa karibu na sikio. Valvu nzima hulia cha-cha-cha. Yangu ilikuwa kimya, imeganda kwa masizi. Akaufuata mpira wa kupumulia uliobaki, akaubonyeza: ndani umevimba, umebaki na tundu la kupitisha penseli.

Sili ni ulimi wa mpira uliobanwa na springi nyembamba. Imetengenezwa kuzuia oili inayorushwa na kranki, haikutengenezwa kuhimili presha inayoisukuma kwa nyuma muda wote. Ukiweka mpya huku mlango umezibwa, na hiyo mpya itatema.

Turbo nayo huonewa vivyo hivyo. Oili yake hushuka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, hakuna pampu ya kuirudisha. Presha ya chini ikipanda, oili inakwama juu, inatokea kwenye sili za turbo, gari linafuka moshi wa bluu. Watu wananunua turbo nzima wakati tatizo ni mpira.

"Funga kopo la kunasa oili, presha inaisha."

Kopo halivuti kitu. Kazi yake ni kutenganisha oili na gesi, na hapo linasaidia kweli, kwa sababu ukungu wa oili ukiingia kwenye hewa ya kuvutwa unapunguza uwezo wa petroli kuhimili kugonga, yaani kujilipukia ovyo ndani ya silinda. Lakini makopo mengi ya bei rahisi yana midomo myembamba na yamejazwa sufi ya chuma. Mlango uliokuwa mpana unakuwa tundu la sindano, na presha inapanda badala ya kushuka. Ukikuta ndani kitu cha rangi ya chai ya maziwa asubuhi ya baridi, usikimbilie gaskiti ya silinda hedi. Mara nyingi ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili. Mwaga, endelea.

"Ng'oa mipira yote, ipumulie nje."

Ndivyo magari ya zamani yalivyokuwa, bomba linaning'inia chini na kudondosha. California ilianza kudai mfumo wa PCV kwa magari mapya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kupunguza uchafu wa hewa, na injini zikafaidika: mvuto ule unaondoa maji na petroli kwenye oili kabla havijaifanya tope. Tena kwenye turbo valvu ile ina kazi ya pili. Turbo ikianza kusukuma, inafunga, na gesi zinapita mpira mwingine hadi kabla ya turbo. Ukiweka bomba tupu mahali pake, turbo yako inapuliza moja kwa moja kwenye kranki. Dipstiki ikiruka, usishangae.

"Mvuto mkubwa ni wa magari ya mashindano tu."

Ya mashindano yana sampu kavu, yaani oili inakaa kwenye tangi la pembeni, na pampu za kunyonya, kweli, na huko sili na ringi huchaguliwa kwa hali hiyo. Ukinyonya sana injini ya kawaida, pini za pistoni zinaweza kukosa oili. Lakini Citroën 2CV, kigari cha wakulima wa Ufaransa cha 1948, nacho kranki yake hukaa kwenye mvuto. Pistoni zake mbili huingia na kutoka pamoja, na kipumulio chake kina ulimi unaotoa hewa bila kuirudisha. Wanaoupima hutumia bomba la plastiki angavu lililokunjwa kama herufi U, maji ndani, ncha moja kwenye tundu la dipstiki. Maji yakipanda upande wa injini, inavuta.