Njia za mkato na viendelezi kwenye kihariri cha kodi: kasi inatoka wapi

Njia ya mkato ni mchanganyiko wa vitufe vya kibodi unaotekeleza amri bila kupitia menyu wala kipanya. Kiendelezi ni programu ndogo unayoiweka ndani ya kihariri cha kodi, yaani programu ya kuandikia kodi (maelekezo ya programu za kompyuta), ili kukipa uwezo ambao hakikuja nao: kuielewa lugha fulani, kupanga kodi vizuri, kuonyesha historia ya Git (mfumo wa kutunza matoleo ya kodi). Hadi hapo hakuna gumu. Swali linalowasumbua wengi ni hili: kwa nini mtu aliyekariri njia za mkato mia na kusakinisha viendelezi hamsini anaweza kuachwa nyuma na mwenzake anayetumia njia kumi tu? Ili kulijibu, lazima kwanza tujue muda wetu unapotelea wapi.

Mwaka 1980, Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha njia ya kukadiria muda ambao mtumiaji mzoefu anahitaji kukamilisha kazi kwenye kompyuta. Waliivunja kila kazi katika vitendo vidogo, kila kitendo kikapewa muda wake. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mpigaji chapa stadi wa wastani, ni sekunde 0.2. Kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya ni 0.4. Kulenga kitu kwenye skrini kwa kipanya ni 1.1. Kujiandaa kiakili kabla ya kutenda ni 1.35.

Tuseme unataka kupandisha mstari mmoja wa kodi juu ya ule unaoutangulia. Kwa kipanya, mkono unahama, unalenga mwanzo wa mstari, unaburuta hadi mwisho, unakata, unalenga mahali papya, unabandika, kisha mkono unarudi kwenye kibodi. Ukijumlisha kwa makadirio yale unapata karibu sekunde 5. Katika kihariri cha Visual Studio Code, kama kishale (alama inayoonyesha mahali unapoandika) tayari kiko kwenye mstari huo, unashika Alt na kubonyeza kitufe cha mshale wa juu. Haifiki sekunde moja.

Lakini tazama tena zile namba nne. Iliyo kubwa kuliko zote haihusu mikono kabisa. Inahusu kufikiri. Njia ya mkato ambayo bado unaitafuta kichwani, je ni Ctrl na Shift au Ctrl na Alt, inakula muda wote ambao ingeuokoa. Bruce Tognazzini, aliyekuwa mbunifu wa Apple, aliandika mwaka 1989 kwamba katika majaribio ya kampuni hiyo watumiaji wa kipanya walikuwa na kasi zaidi, ilhali watumiaji wenyewe waliamini kinyume chake. Maelezo yake ni kwamba muda wa kuamua ubonyeze nini hupita bila mtu kuuhisi, kwa sababu akili ina shughuli.

Wengi husoma madai hayo kama hoja dhidi ya kibodi. Mimi nayaona yanakubaliana na hesabu ya juu. Amri unayoitumia mara thelathini kwa siku huhamia vidoleni, na ile 1.35 inatoweka. Amri unayoihitaji mara moja kwa mwezi haitahamia kamwe, na kwa hiyo menyu inaifaa zaidi. Kukariri orodha ndefu ya njia za mkato kwa mkupuo mmoja ni kazi ya bure. Chukua chache zinazogusa mambo unayoyarudia, zitumie hadi uache kuzifikiria, ndipo uongeze nyingine.

Kuna faida moja zaidi ambayo makadirio yale hayaipimi. Unapofuatilia hitilafu unakuwa umeshika mambo kadhaa kichwani kwa pamoja: thamani iliyotoka pale, sharti lililo hapa, faili unayoishuku. Ukianza kufungua folda ndani ya folda kuitafuta faili hiyo, moja ya mambo hayo huponyoka. Kwangu mimi hii ndiyo sababu nzito kuliko sekunde zote.

Za kusafiri ndani ya kodi

Nitatumia vitufe vya Visual Studio Code, kihariri ambacho Microsoft ilikitangaza mwaka 2015, katika mpangilio wake wa Windows. Kwenye macOS, Cmd huchukua nafasi ya Ctrl mara nyingi, si mara zote.

Ya kwanza kujifunza ni Ctrl+P. Inafungua kisanduku unachoandika herufi chache za jina la faili, na si lazima zifuatane: ukiandika "usctl", faili ya userController itajitokeza. Kisanduku hicho hicho kina uwezo ambao watu wengi hawaujui. Ukianza na alama ya nukta mbili na namba, unaruka hadi mstari huo. Ukianza na @, unapata orodha ya fankisheni (vipande vya kodi vyenye jina, vinavyoitwa kufanya kazi fulani) na klasi (violezo vya vitu vya programu) za faili uliyomo. Ukianza na #, unatafuta majina ya aina hiyo katika mradi mzima. Kwa hiyo umejifunza vitufe viwili, ukapata kazi nne.

Kisha F12. Weka kishale juu ya jina la fankisheni, bonyeza, na unapelekwa pale ilipoandikwa. Alt pamoja na mshale wa kushoto inakurudisha ulikotoka. Shift+F12 inaonyesha kila mahali fankisheni hiyo inapoitwa. Tunatumia muda mwingi kusoma kodi kuliko kuiandika, na hasa kodi ya wengine, kwa hiyo kama ningelazimika kubaki na njia za mkato mbili tu, ningechagua F12 na ile ya kurudi.

Kubadilisha maandishi na kubadilisha maana

Hapa ndipo pana utajiri, na ndipo wengi wanapochanganya zana mbili zisizofanana.

Chukua kigeu (jina linaloshika thamani ndani ya programu) kiitwacho id. Unataka kiitwe nambari. Ukitumia tafuta-na-badilisha bila uangalifu, idadi inageuka kuwa nambariadi, na kodi yote inaharibika. Ctrl+D ni bora kidogo: weka kishale kwenye id bila kuchagua chochote, bonyeza, na neno zima linachaguliwa. Kila unapobonyeza tena, kihariri kinaongeza neno id linalofuata, likiwa neno kamili, na kinakupa kishale cha ziada hapo. Unaona unachokichagua hatua kwa hatua. Ila bado hayo ni maandishi. Kama fankisheni mbili katika faili moja kila moja ina id yake, Ctrl+D haijui tofauti yao.

F2 inajua. Ukibonyeza F2 juu ya id na kuandika jina jipya, kihariri hakitafuti herufi mbili zilizokaribiana. Kinauliza ni wapi kigeu hiki hiki kinatumika. Kinabadilisha hapo tu, hata kwenye faili nyingine, na kuiacha id ya fankisheni jirani ilivyo. Kwa kubadilisha jina la kitu katika programu, F2 ndiyo chaguo sahihi. Ctrl+D ibaki kwa maandishi yasiyo na maana ya kiprogramu, kama vile orodha au data.

Na kwa data, vishale vingi vina nguvu ya ajabu. Umepewa majina mia mbili, kila moja na mstari wake, nawe unayataka yawe orodha ndani ya kodi, yakiwa na alama za kunukuu na mikato. Chagua mistari yote, bonyeza Shift+Alt+I, na kila mstari unapata kishale mwishoni mwake. Andika alama ya kunukuu na mkato, bonyeza Home, andika alama ya kunukuu ya kufungua. Mistari mia mbili imekwisha kwa vitufe visivyofika kumi.

Nyingine zinajieleza: Ctrl na mkwaju (/) hugeuza mstari kuwa maelezo au kuurudisha, Ctrl+Shift+K hufuta mstari mzima, Shift+Alt na mshale wa chini huunakili.

Kuna mapokeo mengine ya zamani zaidi. Bill Joy aliandika kihariri cha vi mwaka 1976 akitumia terminali (skrini na kibodi vya kuunganishwa na kompyuta) ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichapwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Ndiyo maana hadi leo watumiaji wa Vim, iliyotolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991, husogea kwa herufi hizo. Kilicho bora katika Vim si kusogea, ni jinsi amri zinavyojengwa. Herufi d ni kufuta, c ni kubadilisha, w ni neno, na i pamoja na alama ya kunukuu ni kilichomo ndani ya nukuu. Unaziunganisha: dw hufuta kuanzia kishale hadi mwanzo wa neno linalofuata, ci" hufuta kilicho ndani ya nukuu na kukuweka tayari kuandika kipya. Ukijua vitenzi vitano na vitendwa kumi, una amri hamsini ambazo hukuzikariri moja moja. Vihariri vingi vya leo vina kiendelezi cha Vim. Kwa anayeandika kodi kila siku, nashauri akijaribu, mradi akubali kwamba mwanzoni atakuwa mzito kuliko kawaida yake.

Viendelezi ndivyo vinavyojibu

Fungua faili ya lugha ambayo kihariri chako hakina msaada wake, kisha bonyeza F12. Hakuna kitakachotokea. Njia ya mkato ni swali tu. Anayejibu ni kiendelezi. Visual Studio Code inakuja na majibu ya JavaScript, TypeScript, HTML na CSS. Kwa Python, Go au Rust lazima usakinishe.

Zamani kila kihariri kilihitaji msaada wake kwa kila lugha. Vihariri kumi na lugha ishirini vilimaanisha kazi mia mbili tofauti, nyingi zikiwa marudio. Mwaka 2016 kampuni za Microsoft, Red Hat na Codenvy zilitangaza itifaki ya seva ya lugha, LSP kwa kifupi: kanuni za mawasiliano kati ya kihariri na seva, yaani programu inayojibu maswali yake. Kila lugha inatengenezewa seva moja inayoielewa, na kihariri chochote kinazungumza nayo kwa ujumbe wa JSON (muundo wa maandishi wa kubadilishana data): mtumiaji yuko mstari wa 40, herufi ya 12, anataka kujua jina hili limetokea wapi. Seva inajibu kwa jina la faili na mstari. Kazi mia mbili zikawa thelathini. Ndiyo sababu rust-analyzer, seva ya lugha ya Rust, ile ile inamhudumia mtumiaji wa Vim, wa Emacs na wa Visual Studio Code.

Aina nyingine ya kiendelezi huondoa kitendo kizima. Prettier, ukiiwekea mpangilio huo, hupanga nafasi na mistari kila unapohifadhi faili, hivyo hakuna tena wa kubonyeza chochote wala wa kubishana kuhusu nafasi mbili au nne. ESLint hukuonyesha makosa ya JavaScript ukiwa bado unaandika. Emmet, ambayo tayari imo ndani ya Visual Studio Code, hugeuza ul>li*3 kuwa orodha ya HTML yenye vipengele vitatu ukibonyeza Tab.

Kila kiendelezi kina gharama, na gharama hizo hazionekani siku ya kukisakinisha. Katika Visual Studio Code viendelezi huendeshwa kwenye mchakato tofauti na ule wa dirisha, kwa hiyo kilicho kizito hakizuii herufi unazopiga, lakini mapendekezo, upangaji na maelezo vitachelewa. Viwili vinavyopanga lugha moja vitavutana hadi uchague kimoja katika mipangilio. Ukihisi kuna kinacholeta shida na hujui ni kipi, usivizime kimoja kimoja. Fungua paleti ya amri (kisanduku cha kutafuta amri za kihariri) kwa Ctrl+Shift+P na utafute amri yenye neno Bisect: kihariri kinazima nusu ya viendelezi, kinakuuliza kama tatizo lipo, kisha kinagawa tena. Kati ya viendelezi arobaini, maswali yapata sita yanatosha kumpata mhusika.

La usalama nalisisitiza kuliko yote. Kiendelezi kina ruhusa zile zile za kihariri chenyewe. Kinaweza kusoma faili zako, pamoja na ile uliyohifadhi nywila na funguo za siri, na kinaweza kutuma chochote kwenye intaneti. Viendelezi hasidi vilivyojipa majina yanayofanana na vilivyo maarufu vimeshaondolewa sokoni zaidi ya mara moja. Kabla ya kusakinisha, angalia mchapishaji ni nani, kama kodi yake iko wazi, na kama bado inatunzwa. Kile usichokitumia tena, kifute.

Paleti hiyo ya amri ndiyo mwalimu bora wa njia za mkato. Kila unapojikuta ukishika kipanya kwa jambo ulilolifanya muda mfupi uliopita, ifungue na uandike unachotaka kufanya. Kando ya jina la amri utaona vitufe vyake. Amri isiyo na vitufe unaweza kuipa mwenyewe: bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, tafuta jina lake, bofya mara mbili, na ubonyeze mchanganyiko unaoutaka. Kama mchanganyiko huo tayari una kazi nyingine, kihariri kitakuambia hapo hapo.