Unakuja Gede na Watamu likizo hii? Soma kwanza

Likizo ikikaribia malalamiko yanaanza, na karibu yote ni yale yale: nimelipa Gede asubuhi, mbona mchana nadaiwa tena Watamu baharini? Jamani hizi ni idara mbili. Magofu ya Gede yako chini ya Makavazi ya Kitaifa, bahari ya Watamu ni mbuga tangu 1968 na iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na nauli ya boti ni yako na kapteni, haimo kwenye tiketi ya KWS. Kwa hivyo muulize mapema hiyo bei aliyokutajia imejumlisha nini. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, kwa hiyo fungua akaunti ukiwa bado nyumbani, lipa, hifadhi risiti kwenye simu, na ubebe kitambulisho chenyewe. Mkenya bila kitambulisho anaweza kutozwa bei ya mgeni, na askari wa getini hana ruhusa ya kukuamini kwa sababu unaongea Kiswahili vizuri. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi eti akusaidie kuingia.

Sasa Gede. Mji huu ulistawi karne ya 15, ukahamwa karne ya 17, msitu ukaufunika. Kuna kaburi lina tarehe inayolingana na 1399, kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima virefu, na humo ndani walichimbua vyombo vya kaure kutoka Uchina, mji ambao leo mtu anapita barabarani akielekea Malindi hata hageuzi shingo! Mwaka 2024 UNESCO wameutia kwenye Urithi wa Dunia. Halafu mtu anachukua msumari anaandika jina lake na la mpenzi wake ukutani. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukikwaruzwa haurudi, na tukikupata ni kesi chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006: unaandikisha taarifa, unapelekwa kortini, na hakimu anaweza kukupiga faini au kukufunga au vyote viwili. Kuokota kigae cha chungu pia ni kosa, hata kama kilikuwa kimelala njiani. Na kima msiwalishe ndizi, wakizoea wanaanza kunyang'anya watoto mikoba.

Baharini watu wanatuambia, "lakini hili kombe ni tupu, si limekufa?" Tupu kwako. Kaa wanahamia humo, na lililobaki linasagika kuwa mchanga wa hiyo bichi uliyokuja kupigia picha. Ndani ya mbuga huchukui kombe, tumbawe wala kiti cha pweza, na ukinunua kwa mchuuzi unampa sababu ya kurudi kuchukua mengine. Maji yakipwa usitembee juu ya miamba, baadhi ya matumbawe hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka na kiatu chako kinavunja ya miaka kumi kwa hatua moja. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga zote tangu 5 Juni 2020, hivyo njoo na chupa yako ya kujaza. Wakikuzuia getini na ya plastiki usigombane na askari, hiyo sheria hakuitunga yeye.

Ukibaki na nusu siku, pitia hori ya Mida uone mikoko na ndege, bora ufike maji yakianza kupwa.